Pamba za Sawani

Halmashauri ya mji wetu ilinituma Sawani kwenda kujifunza huruma. Kwetu tulikuwa tumeshindwa. Kila msaada ulipoletwa kwa ajili ya wenye njaa, sehemu yake ilipotelea kwa jamaa za wagawaji, na iliyobaki ikagawiwa kwa matusi. Tukasikia iko nchi ambako unga hugawiwa bila mtu kumpendelea nduguye, na kwamba watu wake hawaoni taabu kumwonyesha mgeni jinsi wanavyofanya. Nikachaguliwa mimi kwa sababu nilikuwa nimefundisha lugha maisha yangu yote na naweza kukaa na watu nisiowajua bila kuwachosha. Njia niliyopita haina jambo la kusimulia. Nilifika, nikapokewa vizuri.

Mwenyeji wangu alikuwa Bwana Rehani, mkuu wa ugawaji katika Idara ya Huruma. Alikuwa mtu wa makamo, mrefu, mpole wa mwendo, lakini alizungumza kwa sauti kubwa kupita haja, kama mtu aliyezoea kuishi na viziwi. Sababu yake niliijua siku ile ile. Kwenye ukumbi wa Idara palikuwa na kopo kubwa la pamba nyeupe. Kila ofisa aliyekuwa akitoka kwenda kugawa chakula alisimama mbele ya kopo, akachomoa donge, akaligawa vipande viwili, akajitia masikioni, akakandamiza kwa kidole gumba. Ndipo akaenda kupanda gari.

"Ni sheria," Bwana Rehani aliniambia. "Sheria ya Kutosikia. Ofisa anapogawa, hasikii neno la mtu. Hajui huyu ni wa ukoo gani, yule amegombana na nani. Mwenye njaa anapewa kwa kuwa ana njaa, basi."

"Na mwenye malalamiko?"

"Analalamika. Hakuna anayemzuia."

Nilimtazama usoni nione kama anatania. Hakuwa anatania. Mimi, kwa kuwa ni mgeni na si ofisa, sikupewa pamba. Nilikubali moyoni kwamba jambo lile lilikuwa na heshima yake. Nilifikiria wagawaji wa kwetu na masikio yao yaliyokuwa wazi kwa wajomba na mashemeji.

Sawani ina watu wa aina mbili. Upande wa juu wa Mto Lisho wako watu wa Majabalini, wafugaji. Upande wa chini wako watu wa Matopeni, wakulima. Mvua zilikuwa zimekosekana, na pande zote mbili zilikuwa na njaa. Haya Bwana Rehani alinieleza mwenyewe. Nilipomuuliza kama watu hao wanaelewana, alisema swali hilo haliulizwi katika jengo lile.

Kesho yake tulikwenda Mlimbo, kijiji cha Matopeni, kuona ugawaji uliokwisha kufanyika. Aliniambia tukiwa njiani kwamba ugawaji wa Mlimbo ulifana sana, kila gunia lilimfikia mwenyewe, na Wafadhili wa ng'ambo wameusifu.

Tulikuta kijiji kimeungua. Si chote. Upande mmoja nyumba zilikuwa zimesimama na kuku wanachakura mlangoni. Upande wa pili ulikuwa kuta nyeusi na miti ya paa iliyobaki kama mbavu. Njiani unga ulikuwa umemwagika, ukalowa umande, ukashikana na majivu, na watu walikuwa wamepiga magoti wakiuokota kwa vidole, wakitenganisha cheupe na cheusi.

Maofisa walishuka na pamba zao masikioni. Walikuwa na ishara za mikono. Ofisa aliinua mkono juu, maana yake, "Aliyepokea gunia ainue mkono." Watu wakatazamana, wakainua mikono. Ofisa akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

Mama mmoja mwenye kaniki nyeusi alisogea mbele ya Bwana Rehani. Alikuwa mtu mzima, mkavu wa mwili, macho mekundu. Alizungumza taratibu, bila kupandisha sauti, na Bwana Rehani alimsikiliza kwa uso wa upole kabisa, akimwitikia kwa kichwa, bila kusikia hata neno. Mimi nilisikia yote.

"Tulipokuwa hatuna kitu," alisema, "hakuna aliyekuwa na haja na sisi. Mmetuletea chakula, mkaenda zenu. Nao watu wa juu ya mto wakaja kukifuata. Wamekuja na malori yale yale mliyoyatumia kuleta unga. Nimekuja kumzika kaka yangu."

Bwana Rehani alimpa mkono. Mama yule aliutazama ule mkono, kisha akageuka akaniona mimi nikimtazama, na akajua kuwa nimesikia. Maofisa walipokwenda kukagua ghala, alinijia.

"Wewe masikio yako yako wazi," alisema.

"Mimi ni mgeni, mama."

"Basi njoo uone kitu. Na wao wakikuuliza ulikuwa wapi, waambie hilo kwao haliulizwi."

Jina lake lilikuwa Siwema. Alikuwa mshika zamu wa kivuko, cheo ambacho huko kwao kina uzito kuliko nilivyodhani mwanzoni. Tulitembea mpaka mtoni. Lisho ulikuwa umekauka, umebaki ukanda wa maji katikati ya mchanga mpana, na mahali pamoja tu ambapo mnyama au mtu angeweza kunywa bila kuzama topeni. Hapo ndipo Kivukoni.

"Miaka ya nyuma tuliuana hapa," Siwema alisema. "Si mara moja. Mwisho tukachoka. Tukapanga. Asubuhi ni zamu ya Majabalini, wanaleta ng'ombe wao. Jua likishavuka utosi ni zamu yetu, tunachota na kumwagilia. Mimi nakaa huku, mwenzangu anakaa ng'ambo. Watu wetu hawakutani. Hawapendani, lakini hawakutani. Umeelewa?"

Nilielewa.

"Sasa Idara imetangaza itagawa unga hapa. Asubuhi. Watu wa pande zote, mahali pamoja, wakati mmoja, mstari mmoja. Wanasema ndiyo usawa. Na unga utaletwa na malori ya Ngwamba."

Jemadari Ngwamba alikuwa mtu wa Majabalini mwenye jeshi lake mwenyewe na malori yake mwenyewe. Idara ilimkodi kwa kuwa hakuna mwingine aliyekuwa na malori upande ule, na kuuliza aliyapataje kungekuwa ni kuuliza.

Ng'ambo ya mto, mzee mmoja alikuwa amekaa juu ya jiwe. Siwema akamwita kwa jina, Lukanga, naye akavuka kwa miguu, maji yakimfika magotini. Huyo ndiye mshika zamu wa Majabalini. Nilitegemea angemtetea Ngwamba. Hakumtetea.

"Unga ukifika kwetu," alisema, "Ngwamba anapanda juu ya lori anasema ni yeye kauleta. Anayetaka kula, atoe kijana wake aingie jeshini. Idara inasimama pembeni na pamba zake. Mimi nina vijana wa ukoo wangu wanne walioniacha hivyo. Wapo wanaosema hao nao walikuwa Mlimbo."

Siwema aligeuza uso. Lukanga naye akatazama maji.

"Basi walete unga kwetu tu," Siwema akasema, "tutawapa mafungu yenu."

"Mtatupa? Lini mlitupa kitu? Uletwe kwetu."

Wakaanza kugombana mbele yangu, na ugomvi wao ulikuwa wa kweli, wenye majina ya waliokufa ndani yake. Siwema alipoona nataka kuondoka, akaniambia nisimpelekee mtu maneno ya nani anastahili zaidi. Nipeleke neno moja tu: kwamba watu hawa wasikutanishwe asubuhi Kivukoni mbele ya bunduki za Ngwamba. Hilo Lukanga alikubaliana naye.

Nilimkuta Bwana Rehani nyumbani kwake, akinywa kahawa barazani, pamba amezitoa. Nilipoanza tu, akaweka kikombe chini akayafunika masikio kwa viganja vyake, kama mtoto.

"Usiniambie."

"Watu watakufa, Bwana Rehani."

"Nakuomba, mgeni."

Nikaketi. Akashusha mikono, na akazungumza kwa sauti ya kawaida, ndogo, ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake.

"Mama yangu ni wa Matopeni," alisema. "Idarani hakuna anayejua, maana hairuhusiwi kuuliza. Katika njaa iliyopita, mjomba wangu alikuwa ofisa wa ugawaji. Alikuwa na masikio. Alisikia kilio cha watu wake vizuri sana, cha wale wengine hakukisikia. Majabalini walizika watoto. Kisha wakashuka, wakamtafuta mjomba na kila aliyekula kwa mkono wake. Sheria ya Kutosikia ilitungwa baada ya hapo, na mimi nilikuwa wa kwanza kuipigia kura. Nikifungua masikio, nitasikia nini? Nitamsikia mama yangu."

Nilichokuwa nacho ni picha ya Siwema na Lukanga wakigombana na maji yakiwapita miguuni.

"Wako wawili wanaosema neno moja," nilimwambia. "Mmoja wa kila upande. Siwezi kukuambia ni neno gani maana umenikataza. Lakini ni moja."

Akasema kwamba Baraza la Huruma linakutana, na kwamba mgeni huruhusiwa kusema barazani, kwa kuwa maneno ya mgeni hayahesabiwi kuwa habari.

Barazani niliwakuta watu wenye elimu na adabu. Nilisema niliyotumwa. Hawakunikatiza. Nilipomaliza, ulianza mjadala ambao nauandika hapa kama nilivyousikia.

Mmoja alisema mgeni ameleta mambo ya kabila ndani ya jengo ambamo kabila halitajwi, lakini anasamehewa kwa ugeni wake. Mwingine, mwanamke kijana aliyekuwa amerudi karibuni kutoka ng'ambo, alisema hoja ni ya msingi, na kwamba iundwe Tume ya kuchunguza uhusiano wa msaada na kile alichokiita "mazingira". Tume ikimaliza kazi, maofisa waelimishwe. Akaulizwa Tume itamaliza lini. Akasema haingekuwa busara kuiharakisha. Wa tatu akasema njaa haingoji Tume, jambo ambalo wote walilipigia makofi, mimi nikiwemo, kabla sijasikia mwisho wake: kwa hiyo ugawaji uendelee kama ulivyopangwa.

"Lakini malori," nilisema. "Malori ni ya mtu aliyechoma Mlimbo."

Mwenyekiti alinitazama kwa huruma ya kweli. "Mgeni," alisema, "lori halichomi nyumba."

Kisha wakapitisha uamuzi. Kwa kuwa kuna tetesi za wasiwasi, ulinzi uongezwe. Na kwa kuwa Jemadari Ngwamba ndiye mwenye watu na bunduki karibu na Kivukoni, aombwe aongeze walinzi. Kuhusu maofisa, wapewe pamba nzito zaidi, wasije wakababaishwa na kelele.

Bwana Rehani aliinua mkono kuunga mkono pamoja na wengine. Mkono wake ulichelewa kidogo, lakini ulipanda.

Siku ya ugawaji tulifika Kivukoni jua likiwa limechomoza vizuri. Malori yalikuwa yamesimama mchangani, yakiwa yameelekeza migongo mtoni. Walinzi wa Ngwamba walikuwa wamejipanga pande mbili, bunduki zimelala mikononi. Ngwamba mwenyewe alikuwa amesimama juu ya magunia, mtu mnene mwenye sauti nzuri, akiwasalimia watu wa Majabalini mmoja mmoja kama bwana harusi anayepokea wageni.

Watu wa Majabalini walikuwa wamefika na ng'ombe wao, kwa kuwa asubuhi ni zamu yao. Ng'ombe walikuwa na kiu, wanasukumana kuelekea maji. Watu wa Matopeni walikuwa wanateremka ukingo wa pili. Wanawake mbele na vikapu. Nyuma yao wanaume, na niliona kwamba kila mwanaume alikuwa amebeba panga, jembe au mundu, na kwamba hakuna shamba lolote la kulima karibu na pale.

Maofisa walianza kuwapanga kwa ishara za mikono. Mstari mmoja. Mtu wa huku, mtu wa kule, mtu wa huku. Ofisa mmoja, kijana msafi, alimshika bega mwanamke wa Matopeni akamsimamisha nyuma ya mfugaji. Mwanamke akatoka. Akamrudisha, akitabasamu. Mwanamke akaanza kulia. Nilisikia akisema, "Huyu alikuwepo. Huyu alikuwepo Mlimbo. Amevaa shati la mume wangu." Ofisa alimpigapiga bega.

Wanaume wa Matopeni walisikia. Mstari ulianza kukatika. Mtu mmoja akaingia majini, panga likiwa chini, halijainuliwa bado. Walinzi wakanyanyua bunduki. Ng'ombe mmoja akaruka, akamkanyaga mtoto mguu, mtoto akapiga ukelele, na ukelele ule uliwafanya watu wote wasogee mbele kwa pamoja, pande zote mbili, bila mtu kuamua. Mlinzi mmoja akafyatua risasi hewani. Maofisa hawakuisikia. Waliendelea kuonyesha kwa mikono: mtu wa huku, mtu wa kule.

Siwema alikuwa amesimama katikati ya maji, akiwa ameinua mikono miwili, akipiga kelele kwa sauti iliyokwisha kupasuka: rudini, si zamu yenu, rudini, si zamu. Alimgeukia Bwana Rehani. Alikuwa hatua chache tu kutoka kwake. Alisema naye.

Niliona uso wa Bwana Rehani. Ule upole wake wa kazini ulikuwa bado umekaa mahali pake, lakini macho yalikuwa ya mtu anayezama. Akapeleka mikono masikioni. Nilidhani anakandamiza pamba zaidi. Akazitoa, zote mbili, akazitupa majini.

Nadhani kelele zilimpiga kama kofi, maana aliyumba. Kisha akamwendea Siwema, maji yakimlowanisha suruali yake ya kazi, na akauliza, kwa ile sauti yake ndogo, swali ambalo ofisa wa Sawani hajawahi kuuliza.

"Mnaogopa nini, mama?"

"Tunaogopana," Siwema alisema. "Na tunamwogopa yule juu ya magunia. Watoe watu wangu hapa mpaka mchana. Mtoe yeye na bunduki zake. Acha unga mchangani, mimi na Lukanga tutaukalia."

Bwana Rehani akageuka. "Mzee Lukanga yuko wapi?"

Lukanga alikuwa tayari anakuja, akipita kati ya ng'ombe. "Nimesikia," alisema. "Ni hivyo hivyo."

Bwana Rehani alitoka majini akasimama kando ya lori la Ngwamba. Alimwambia ateremshe magunia yote mchangani, kisha aondoe malori na walinzi wake.

Ngwamba alicheka. "Malori ni yangu, Bwana Rehani."

"Malori ni yako. Unga si wako."

"Nikiondoka, watauana."

"Ukibaki watauana. Teremsha."

Ngwamba aliacha kucheka. Akawatazama walinzi wake, na bunduki zikageuka kumwelekea Bwana Rehani. Hapo Lukanga alifanya jambo ambalo sikulitegemea. Hakumtazama Ngwamba kabisa. Alipita mbele ya walinzi akiwaita kwa majina. Wewe, mwana wa Sikudhani. Wewe, Mbaruku, mama yako yuko pale, ameshika kikapu. Wewe, Tindwa, mimi ndiye niliyekutahiri. Alisema majina tu, na mama zao, na mahali walipozaliwa. Bunduki ya kwanza ikashuka, kisha nyingine. Si zote. Lakini Ngwamba alizihesabu zilizobaki kwa macho, akaona hazimtoshi.

Magunia yalitupwa mchangani, mengine yakapasuka. Malori yakaondoka na vumbi lake. Kabla ya kupanda, Ngwamba alimwambia Bwana Rehani kwa utulivu, "Mtanitafuta. Nyinyi hamna magari."

Siwema akawarudisha watu wake. Hawakutaka kurudi. Aliwashika mikono mmoja mmoja, akawasukuma ukingoni kama mtu anayefukuza mbuzi shambani, na walikuwa wakimtukana, naye akiwatukana pia. Asubuhi ile watu wa Majabalini walichukua unga, kila kaya fungu lake, Lukanga akigawa na Siwema akitazama. Jua lilipovuka utosi, ng'ombe wakaondoka, na watu wa Matopeni wakachukua, Siwema akigawa na Lukanga akitazama. Nilikaa nao siku nzima. Walipeana maji mara moja tu.

"Mmoja wa vijana wako alikuwa Mlimbo," Siwema alimwambia, bila kumtazama. "Amevaa shati la marehemu."

"Najua."

"Nitalidai jambo hilo."

"Utalidai. Si leo."

"Si leo," alisema, akaendelea kugawa.

Hakuna aliyekufa Kivukoni siku ile. Mtoto aliyekanyagwa alifungwa mguu. Nasema hivi kwa sababu Idarani hakuna aliyeuliza.

Bwana Rehani alishtakiwa kwa kosa la kusikia. Kesi yake ilikuwa fupi. Mwenyekiti alimuuliza kama alisikia akiwa kazini, naye akasema alisikia. Akaulizwa kama alisikia upande mmoja au pande zote mbili. Akasema pande zote mbili, na kwamba hakujua kama inawezekana mpaka alipojaribu. Hilo lilileta minong'ono. Alivuliwa cheo. Alikwenda kuishi Matopeni kwa mama yake, ambaye sasa kila mtu alimjua.

Lakini habari za Kivukoni ziliwafikia Wafadhili, nao walifurahi mno. Wakataka jambo kama lile lifanyike kila mahali. Baraza likakaa, likatunga Kanuni ya Swali. Kuanzia siku hiyo, kila ofisa, kabla ya kugawa, angesimama mbele ya watu na kuuliza kwa sauti: "Mnaogopa nini?" Nilihudhuria kikao hicho. Niliuliza kama Sheria ya Kutosikia imefutwa. Walishangaa. Mwanamke kijana aliyetoka ng'ambo alinijibu kwa subira kwamba sheria na kanuni ni vitu viwili, na havigongani.

Siku chache kabla ya kurudi kwetu, nilipanda gari la mkuu mpya wa ugawaji, yule ofisa kijana msafi. Jina lake Faki. Msafara ulikuwa unapeleka unga Kivukoni tena. Malori yalikuwa yamepakwa rangi nyeupe. Walinzi walikuwa na sare mpya. Niliwatambua wengine.

Mahali ambapo barabara inaanza kuteremka kuelekea mtoni, tulikuta wanawake wamekaa barabarani. Wamekaa chini, miguu wameinyoosha, kutoka ukingo hadi ukingo, na nyuma yao safu nyingine, na nyingine. Nilitazama mavazi yao. Kaniki za Matopeni na ngozi za Majabalini zilikuwa zimechanganyika. Hawakuwa wanaongea wao kwa wao. Kati ya baadhi yao mtu angeweza kupitisha mkono, kwa jinsi walivyojitenga. Lakini walikuwa wamekaa mstari mmoja, na hakuna ofisa aliyewapanga. Kando ya barabara wanaume walisimama mikono mitupu, Lukanga mbele yao, na nyuma kabisa nilimwona Bwana Rehani, amevaa shuka kama mtu yeyote wa pale.

Lori la kwanza lilipiga honi. Hawakutikisika. Kutoka lori la nyuma nilisikia sauti nzuri ya Ngwamba ikimwambia dereva aende tu, watapisha wenyewe. Dereva alisogeza gurudumu hadi karibu na nyayo za safu ya kwanza, akasimama.

Faki aliteremka. Akarekebisha shati, akasimama mbele ya Siwema aliyekuwa amekaa katikati, na akatimiza kanuni. Aliuliza kwa sauti kubwa, vizuri, kila neno likisikika mpaka bondeni.

"Mnaogopa nini?"

Siwema hakujibu. Alimtazama. Kisha akainua kidole chake akagusa sikio lake mwenyewe. Mwanamke wa Majabalini aliyekaa karibu naye akafanya vivyo hivyo. Kisha safu yote, kisha safu ya nyuma.

Faki aliuliza tena. Hakuna aliyefungua mdomo. Aligeuka akatazama malori meupe, akatazama walinzi, akanitazama mimi, kana kwamba mgeni angemwambia la kufanya. Injini zilikuwa zinanguruma. Mkono wake ulipanda taratibu, ukashuka, ukapanda tena.

Akatoa pamba ya sikio moja.

Siwema aliendelea kungoja.